OFA YA DESEMBA NA MAFUTA YA MJANE



Neno la leo: 2 Wafalme 4:1-7. Fungua Biblia yako usome, kisha urudi hapa tuongee.

Tangu Novemba ianze, simu zetu hazijatulia. Bei imeshuka! Ofa inaisha saa sita usiku! Chukua sasa, ulipe polepole! Ukifika Kakamega mjini ni hayo hayo, spika zinapiga kelele mbele ya maduka na watoto wanavuta mama zao mkono. Hii Black Friday ni desturi ya Marekani. Inakuja siku moja baada ya sikukuu yao ya kutoa shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba. Sisi sikukuu hiyo hatuna. Tulichukua mauzo, shukrani tukaiacha huko huko.

Mpendwa, sisemi kununua ni dhambi. Kama sufuria yako imetoboka na umeweka pesa yake, ukiipata kwa bei nafuu, nunua na umshukuru Mungu. Ninasema na wewe unayekopa ununue kitu ambacho wiki iliyopita hukukihitaji, ili jamaa wanaotoka Nairobi wakute nyumba inang'aa.

Tufanye hesabu. Runinga ya shilingi 20,000 imeshushwa hadi 15,000. Unafurahi kwamba umeokoa 5,000. Lakini kama hukuwa na mpango wa runinga, hukuokoa kitu. Umetumia 15,000. Na kama hizo 15,000 ni za mkopo, riba itaipandisha tena ile bei iliyoshuka.

Wengi wetu tunaijua Fuliza. Ukiwa na deni lake, pesa yoyote ikiingia kwa M-Pesa yako, deni linajilipa kwanza. Mwanao anakutumia 500 za dawa ya nyanya, na kabla hujashika simu, zimeshakatwa. Dawa haijanunuliwa, lakini zulia la Krismasi liko sebuleni. Mithali 22:7 inatufundisha kwamba mkopaji anajifanya mtumwa wa aliyemkopesha. Utumwa wa siku hizi hauna minyororo, unakuja kwa ujumbe wa simu.

Sasa tumwangalie yule mjane. Mumewe alikuwa mcha Mungu, lakini alikufa akaacha deni. Mwenye kudai akaja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Angalia vizuri: deni la mzazi liliwafuata watoto. Na hata leo linawafuata. Mwezi wa kwanza mtoto anarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, na yeye hakukopa hata shilingi.

Mungu alitenda muujiza, vyombo vikajaa mafuta. Halafu Elisha akampa yule mama utaratibu: uza mafuta, lipa deni, kisha wewe na wanao mwishi kwa kinachobaki. Hakumwambia abadilishe viti kwanza. Wapendwa, wengi tunaomba mafuta yafurike, lakini utaratibu wa Elisha hatuutaki. Mungu anatubariki kwa mahindi, kwa miwa, kwa mshahara, na baraka inaishia dukani kabla ya tarehe 25. Kisha Njaanuari ikibisha hodi tunakemea pepo wa umaskini. Pepo mwingine hatoki kwa kukemewa, anatoka kwa bajeti.

Baba, mama, fanyeni hivi wiki hii. Zimeni runinga, kaeni mezani na watoto. Andikeni Januari kabla ya Desemba: karo, sare, vitabu, kodi ya nyumba, mbegu na mbolea ya msimu wa mvua. Wekeni hiyo pesa kando. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Kama kinatosha kuku mmoja na ugali, mle kwa furaha. Ingokho ya pesa yako ni tamu kuliko mbuzi wa mkopo. Na mume asikope kwa siri, mke asifiche risiti chini ya godoro. Siri za pesa zimevunja ndoa nyingi.

Waambieni watoto ukweli: "Mwaka huu hatutanunua viatu vipya, kwa sababu tunataka msome." Mtoto anayeambiwa ukweli anajifunza kungoja. Mtoto anayenunuliwa kila anacholilia atakuja kulia mbele ya wakopeshaji.

Na sisi kanisani, siku ya Krismasi tusipimane nguo. Dada akija na rinda la mwaka jana, mkaribishe akae mbele. Mwenye sikukuu alilazwa horini.

Tuombe: Baba, tupe kiasi. Utufundishe kutosheka, utuokoe na madeni, ulinde watoto wetu. Katika jina la Yesu.

Kama umeamua kuandika Januari kwanza, sema AMINA, umtumie na mwenzako ujumbe huu kabla hajaingia dukani. Barikiwa.