ANAYEPIMWA ASIMLIPE MPIMAJI



Liko neno linalozunguka kwenye stesheni na karakana, na sasa yatupasa tulijibu. Neno lenyewe ni hili: "Habari za hewa ni za wasomi wa Nairobi. Chama kipiganie mshahara, nyumba na likizo, basi." Sisi twasema neno hilo ni la hasara kwa mfanyakazi. Mshahara wa mwezi huu ukiisha, wa mwezi ujao waja. Pafu likiharibika halina mwezi ujao. Na mtu awezaye kutuambia hewa tunayovuta ina nini, kabla hatujaanza kukohoa damu, ni mpimaji wa hewa. Kwa hiyo nani anamwajiri mtu huyo, na nani anamlipa, ni jambo la chama sawasawa na mshahara.

Tuanze na reli yenyewe. Mwaka 2004 wataalamu wa Marekani wakiongozwa na Daktari Eric Garshick walitoa hesabu ya wafanyakazi wa reli 54,973 wa nchi ile. Waliwafuata katika vitabu tangu 1959 mpaka 1996. Wakaona kwamba wale waliofanya kazi juu ya treni za dizeli walikufa kwa saratani ya mapafu kwa asilimia 40 zaidi ya wenzao ambao kazi zao hazikuwa na moshi huo. Mwaka 2012 shirika la kuchunguza saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba moshi wa dizeli huleta saratani kwa binadamu. Halikusema "labda".

Sasa ndugu, tuulizane: hesabu hiyo ilitoka wapi? Haikutoka kwa matajiri wa reli. Ilitoka katika vitabu vya Railroad Retirement Board, ofisi ya serikali inayowalipa wafanyakazi wa reli pensheni zao. Humo kila mtu aliandikwa kazi yake ni ipi na mwaka gani aliifanya. Makarani walioandika hawakujua kwamba siku moja kalamu zao zitashuhudia. Lakini kwa kuwa yaliandikwa, na yalitunzwa na ofisi isiyouza tikiti wala kubeba mizigo, ni vigumu kwa tajiri kusema ni uwongo.

Nasi je? Treni zetu ni za dizeli, za reli ya zamani na za reli mpya ya SGR ambayo tangu mwaka 2017 yapita Mtito Andei, Kibwezi na Emali. Yuko dereva na msaidizi wake. Wako wanaopanga mabehewa yadi huku injini inanguruma karibu na vichwa vyao. Wako mafundi wa karakana, ambako injini huwashwa ndani ya nyumba. Wako watu wa gengi wanaomwaga kokoto mchana kutwa, na vumbi la mawe likawafanya weupe kama watu wa kinu. Kama kiko kitabu kinachoandika moshi na vumbi alilovuta kila mmoja wetu mwaka kwa mwaka, sisi hatujapata kuonyeshwa. Mzee akistaafu hupewa barua ya shukrani. Kifua chake huenda nacho nyumbani, na huko kijijini husemwa amerogwa, au ni sigara.

Tueleze kwa ufupi kazi ya mpimaji, maana wengine hudhani ni kunusa. Vumbi baya kuliko yote halionekani. Ni chembe zisizozidi mikroni 2.5, na unywele wa mtu ni mnene kuliko hizo mara ishirini na zaidi. Pua haizizuii. Huteremka mpaka mwisho wa pafu, na nyingine huingia katika damu. Mpimaji huvuta hewa kwa mashine kupitia karatasi ya kichujio, huipima karatasi kabla na baada, kisha huichunguza ajue vumbi lile limetoka wapi: barabarani, kiwandani, shambani au jikoni. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilisema vumbi hilo lisizidi mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Kwa namna hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na wenzao wa Uswidi, walitoa mwaka 2014 hesabu ya hewa ya Nairobi: karibu robo tatu ya vumbi laini lilitokana na magari na udongo. Hiyo si kazi ya siku moja. Karatasi zile zilikusanywa kwa muda mrefu, na watu waliokaa kazini na kuijua kazi yao.

Na si relini tu. Mama zetu wa Mwingi, Mutomo, Wote na Kibwezi hupika kwa kuni katika jiko lisilo na dirisha. Moshi ule nao ni vumbi lile lile.

Basi, ubaya uko wapi? Uko katika mfuko anakolipwa mpimaji. Sheria ya Mazingira ya 1999 yasema mwenye mradi ndiye atakayegharimia uchunguzi wa madhara ya mradi wake. Yeye humtafuta mtaalamu, hupatana naye bei, humlipa, kisha ripoti huenda NEMA. Hatusemi kila mtaalamu wa namna hiyo ni mwongo. Wako waaminifu wengi. Twasema mpango wenyewe ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere. Mtaalamu akitoa hesabu chungu, mwaka ujao tajiri atamtafuta mwingine mwenye hesabu tamu.

Mfano hauko mbali. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kilikuwako kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka betri za zamani. Mfanyakazi mmoja, Bi. Phyllis Omido, alipewa kazi ya kusimamia uchunguzi wa mazingira wa kiwanda hicho. Ameeleza hadharani kwamba uchunguzi ulionyesha kiwanda kiko karibu mno na nyumba za watu na kihamishwe, na kwamba wakubwa hawakukubali, naye akapelekwa kazi nyingine. Halafu mtoto wake mwenyewe akaonekana ana risasi katika damu. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, baada ya maandamano na kukamatwa kwake. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira ya Mombasa iliamuru wananchi walipwe shilingi bilioni 1.3, na NEMA yenyewe ikiwa katika walioambiwa walipe. Mahakama ya Rufani ikatangua malipo hayo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikayarudisha. Hesabuni miaka hiyo, ndugu! Kama afisa wa serikali, mwenye mashine ya serikali na mshahara wa serikali, angelipima hewa ile mwezi wa kwanza na kuibandika hesabu mlangoni, watoto wangapi wangelipona?

Huko ng'ambo nako wamepitia njia hii. Mjini Los Angeles, mnamo miaka ya 1950, mtaalamu Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu mchungu wa mji ule watengenezwa na jua likichoma moshi wa magari na mvuke wa mafuta. Makampuni ya mafuta yakalipia taasisi nyingine impinge. Haagen-Smit hakuacha, na serikali ya California ilipounda Bodi ya Hewa mwaka 1967 yeye ndiye akawa mwenyekiti wa kwanza. Mwaka 1973 gavana Ronald Reagan akamwondoa. Lakini bodi ilikuwa imekwisha simama, na mashine zake na watu wake wa kudumu. Mwaka 2015 wapimaji wa bodi hiyo hiyo, pamoja na wa serikali kuu ya Marekani, ndio waliowabana Volkswagen mpaka wakakiri kwamba magari yao ya dizeli yalitiwa ujanja wa kudanganya kipimo. Mwone basi: mtu mmoja aweza kuondolewa, lakini ofisi ya umma yenye watu wake na vitabu vyake hudumu.

Wako watakaosema Mwafrika hawezi kazi hiyo. Wapande Mlima Kenya! Huko juu, mita 3,678, Idara yetu ya Hali ya Hewa ina kituo cha kupima hewa tangu mwaka 1999, katika mpango wa dunia nzima. Ni wananchi wa Kenya wanaopanda na kushuka kukitunza. Twauliza tu: ikiwa hewa ya kilele cha mlima yapimwa kwa faida ya dunia, kwa nini hewa ya karakana na ya yadi isipimwe kwa faida ya anayeivuta?

Wengine watasema siku hizi viko vipimo vidogo vya bei rahisi, vyatosha. Ni vizuri, tena vinunuliwe. Lakini kipimo kidogo hudanganywa na unyevu na joto, nacho lazima kisahihishwe kando ya mashine kubwa iliyo sahihi, na mtu aliyefunzwa. Mizani ya sokoni nayo hukaguliwa na serikali.

Na wengine watasema serikali haina fedha. Jibu letu: mwenye moshi atozwe ada, na ada iingie Hazina, mpimaji alipwe kutoka Hazina. Fedha ni zile zile anazolipa leo. Kitakachobadilika ni mkono unaozitoa.

Ndugu wa Kitui, kwenu hakuna reli, lakini jambo hili lawahusu mno. Chini ya bonde la Mui kuna makaa ya mawe, na mwaka 2013 serikali ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kichina ya Fenxi ili sehemu yake ichimbwe. Leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa na Baraza la Rufaa za Mazingira mwaka 2019, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Hayo ni mafunzo. Siku machimbo ya Mui yakianza, vumbi jeusi likitua juu ya mtama na ndani ya visima, tajiri atasema: "Vumbi lilikuwako tangu zamani, Ukambani ni pakavu." Asiyepima kabla hana la kujibu baadaye.

Kwa hiyo twataka haya:

1. Serikali iajiri wapimaji wa hewa wa kudumu katika Kitui na Makueni, wenye cheo, mashine na pensheni. Vibarua wa miezi mitatu hatuwataki.

2. Anayepimwa asimlipe mpimaji.

3. Hesabu zibandikwe wazi kila stesheni na kila karakana, kwa Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, yampa mwananchi haki ya kupata habari, na cha 42 haki ya mazingira safi.

4. Kila mfanyakazi aandikiwe kazi aliyofanya na hewa aliyovuta, na kitabu hicho kitunzwe hata baada ya kustaafu.

5. Sheria ya Usalama Kazini ya 2007 yataka kamati ya usalama palipo na watu ishirini au zaidi. Mjumbe wa wafanyakazi katika kamati awepo mashine inapowashwa na inapozimwa.

6. Mpimaji asihamishwe wala kufukuzwa kwa ajili ya hesabu zake. Yeye naye ni mfanyakazi, na ajiunge na chama.

7. Hewa ya Mui ipimwe na serikali kabla ya jembe la kwanza.

Na neno la mwisho ni kwa wazazi. Mtoto wako akipenda hesabu, fizikia na kemia, usimwambie hiyo ni njaa. Chuo Kikuu cha SEKU kiko Kwa Vonza, hapo hapo Kitui. Twahitaji wana wa gengi na wana wa madereva waingie katika kazi hii ya serikali, wapande mpaka waisimamie, maana wao watajua ni kifua cha nani kinachopimwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Leteni maneno haya katika mkutano wa tawi, tuyapigie kura, yapelekwe.

UMOJA NI NGUVU!

Sisi ndugu zenu wa reli,
Makueni na Kitui.