Kazi za mwaka mzima zisisubiri Juni



Nina dukuduku kuhusu taarifa ya mwaka ya idara ya ujenzi ya mji mdogo ninakouzia wimbi na muhogo mkavu, kati ya Paya na mpaka. Mji wenyewe sitautaja. Wenyeji wataujua wakifika kwenye habari za kalvati.

Taarifa ilibandikwa kwenye ubao wa ofisi mwezi Julai, na ukiisoma inapendeza. Barabara zimechongwa, makalvati yamelazwa, mitaro imezibuliwa, na mbele ya kila kazi pameandikwa "imekamilika". Hakuna tarehe hata moja. Sisi tunaosukuma baiskeli zenye magunia tunazijua tarehe hizo: karibu zote ni za Juni.

Chanzo chake si siri. Mwaka wa fedha wa Serikali yetu huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, na pesa zisizotumika hurudishwa Hazina. Basi mvua za Machi hadi Mei zinapokata barabara, idara haionekani. Juni ikiingia, greda linanguruma hadi magharibi. Najua fedha huchelewa kutoka Kampala, na mhandisi wetu si yeye anayezizuia. Lakini mtaro hauzibuliwi kwa greda. Unataka majembe, sepetu na vijana wachache mwezi Februari, mvua zikiwa bado mbali.

Na hilo greda lenyewe! Mwaka 2017 Serikali ilinunua mitambo Japani ikaigawa wilayani, na pamoja na magreda zilikuja mashine za kushindilia na magari ya maji, kwa kuwa moramu isiyomwagiwa maji ikashindiliwa hugeuka vumbi jua likiwaka na tope mvua ikinyesha. Kwetu greda huja peke yake. Linakwangua juu, linasukumia udongo pembeni, na udongo huohuo ndio unaoziba mtaro. Barabara iliyopaswa kuinuka katikati ili maji yatiririkie pande zote mbili imeachwa imebonyea kama sinia, maji yanapita katikati yake.

Kalvati la karibu na soko linatosha kuwa shahidi. Mdomo wake wa juu uko wazi, wa chini umefukiwa na tuta lililoachwa na greda. Maji yalipokosa njia yalipanda barabarani yakala ukingo, na sasa pana shimo ambalo akina mama wauza dagaa wa mukene wamelilazia magogo mawili ya mkaratusi ili wapite na beseni zao. Bodaboda akifika hapo hushusha abiria, akasukuma pikipiki juu ya magogo, kisha abiria hupanda tena upande wa pili. Katika taarifa kalvati hilo "limekamilika". Wakati huohuo nyuma ya ofisi ya idara yamelala makalvati mengine ambayo hayajawahi kutumika. Nyasi zimeota katikati yake na kuku wa mlinzi hutaga humo. Wala hatuwezi kusingizia saruji ya kuyajengea, maana hatuko mbali na mji wa Tororo wenye viwanda vya saruji, ambavyo malori yake hutupulizia vumbi kutwa.

Tukiuliza tunajibiwa kuwa pesa ni kidogo. Ni kweli. Mfuko wa Barabara uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2008 ulitarajiwa kupata tozo za mafuta moja kwa moja. Haukuzipata, na mwaka 2024 ukarudishwa wizarani. Ndugu zetu wa Busia ya Kenya wanakatwa shilingi 25 za Kenya kwa kila lita ya mafuta tangu Julai 2024 kwa ajili ya barabara, nao malalamiko hayajawaishia. Lakini mwenye kidogo ndiye anayestahili kuchagua vizuri. Kuchonga barabara ileile kila Juni bila kushindilia ni ghali kuliko kuzibua mtaro wake kila Februari.

Tunataka taarifa ijayo itaje jina la barabara, ilipoanzia kazi na ilipoishia, tarehe, na kiasi kilicholipwa. Hatuombi hisani, kwani sheria ya haki ya kupata habari tunayo tangu mwaka 2005. Aidha, mwaka 2009 Serikali yenyewe ilianzisha mabaraza ili maofisa wasimame mbele ya wananchi waeleze fedha zilikokwenda. Basi na sisi tuitishiwe baraza, tena lisifanyike ukumbini ambako wanaokaa viti vya mbele ni walewale. Lifanyike siku ya soko, pale penye magogo, kabla ya Januari kwisha, ili kazi ya mitaro ipate kupangiwa Februari. Mhandisi aje na ile taarifa atusomee mstari wa kalvati, akiwa amesimama juu yake.

Mfanyabiashara wa nafaka,
Paya, Tororo