Kazini Tunatia Kufuli, Nyumbani Tunasahau



Kazini hakuna mtu anayegusa mashine ya umeme mbele ya kuikata na kutia kufuli yake. Sheria hiyo tunaijua sote, na mwenye kuivunja anaitwa na mkubwa wake. Lakini jioni, kambini, mtu yule yule anapanda juu ya nyumba bila kamba, pete kidoleni, na kumenya waya kwa meno. Je, mwili wa kazini na mwili wa nyumbani ni miili miwili?

Leo nataka kusema juu ya kuongeza pano mpya ya jua penye pano ya zamani. Nyumba nyingi zilianza na pano moja ya wati 100, batri moja na taa tatu. Kisha ikaja televizio, kisha friji ndogo. Wakati wa mvua mawingu yanafunika jua, na taa zinazimika kabla watoto hawajamaliza masomo. Baba anakwenda sokoni, anaona pano ya wati 250 kwa bei nzuri, anaileta na kuiunga. Anajumlisha 100 na 250, anapata 350. Hesabu ni safi, lakini umeme hauhesabu hivyo.

Mimi mwenyewe nilijidanganya vile. Pano yangu ya kwanza ilikuwa ya volti 18 na ampea 5 na nusu. Ya pili ilikuwa ya volti 30 na ampea zaidi ya 8. Niliziunga bega kwa bega, chanya na chanya, hasi na hasi. Ukiunga hivyo, ampea zinajumlishwa, lakini volti za pano kubwa zinashuka kufuata ndogo. Nilipoteza karibu wati 100 nilizolipia kwa feza yangu.

Hasara ya feza ni kitu kidogo. Regilateri, kile kisanduku kinachopima umeme unaoingia katika batri, ilikuwa ya ampea 10 tu. Mimi niliisukumia karibu 14. Siku moja saa saba ya mchana, jua kali, bibi yangu akasikia harufu ya plastiki inayoungua. Kisanduku kilikuwa ukutani, juu ya kitanda alicholala mtoto wetu mwenye homa. Akamnyakua mtoto, akatoka naye nje. Tulipoteza shuka na godoro tu. Tangu siku ile sikubali mtu aniambie: «Umeme wa jua ni mdogo, hauna hatari.»

Wengine wanaunga pano kwa kufuatana, moja nyuma ya nyingine. Hapo volti zinajumlishwa, lakini ampea zinafuata pano iliyo dhaifu, sawa wagoni za treni: moja ikikawia, zote zinakawia. Na jumla ya volti ikipita kipimo cha regilateri, inaungua mara moja.

Basi shauri langu ni hili. Geuza pano, soma karatasi iliyo nyuma yake. Kama volti zinakaribiana, unaweza kuunga bega kwa bega. Kama ampea zinakaribiana, unaweza kuunga kwa kufuatana. Kila mara hakikisha kwamba regilateri inaweza kubeba jumla yake. Kama volti na ampea zote ni mbalimbali, usiziunge pamoja: kila pano iwe na regilateri yake, kisha zote mbili zipeleke umeme kwa batri moja. Kwa pano ya volti nyingi, chagua regilateri ya aina ya MPPT, ambayo inashusha volti bila kutupa nguvu. Mtasema ni gharama. Ndiyo, ni gharama. Lakini godoro pia ni gharama, na mtoto hana bei.

Tena, tia fizibli karibu na batri, na tumia waya nene. Pano iliyo juani haizimiki: ifunike kwa blanketi zito, au fanya kazi jioni. Vua pete na saa, kwa maana batri ikishikwa na chuma pande mbili, chuma kinawaka moto na nyama ya kidole inaungua nacho. Radi ikinguruma, shuka haraka.

Batri ya maji makali isikae katika chumba cha kulala. Ikijazwa inatoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche moja. Maji yake yakiingia jichoni, usisugue. Osha kwa maji safi mengi kwa muda wa dakika 20, kisha njoo dispansari upesi. Mtu akiungua na moto, mwagia maji baridi dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia si dawa ya kidonda. Na batri iliyokufa msiipasue nyumbani kwa kutafuta risasi. Huko Thiaroye-sur-Mer, Senegali, watoto 18 walikufa kati ya mwaka 2007 na 2008 kwa sumu ya risasi iliyotoka katika batri za namna hiyo.

Sisemi msinunue pano. Umeme unakatika, na watoto lazima wasome. Nasema tu: ile akili tunayoitumia kazini, tuivuke nayo mlango wa nyumba. Mbele ya kuunga, andika hesabu za pano zako kwenye karatasi, umwonyeshe fundi wa umeme aliyesoma kazi hiyo. Pano inaweza kungoja siku mbili. Ni afadhali nikuone dispansari ukija kunisalimia, kuliko ukiletwa umefungwa bandeji machoni.