Baada ya mtihani wa mwisho, tusiwaache vijana wetu vibarazani

SIFA zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Masahaba wake.

Ama baada ya hayo, kila mwaka ifikapo Novemba vijana wetu wa kidato cha nne hufanya mtihani wao wa mwisho. Kalamu ikishawekwa chini, hurudi nyumbani na madaftari yaliyojaa na mikono mitupu. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari, na wanaochaguliwa kuendelea na kidato cha tano husubiri tena hadi katikati ya mwaka. Kijana aliyeamshwa na kengele kwa miaka minne hujikuta ana miezi miwili, na mwengine zaidi ya nusu mwaka, pasi na kengele, mwalimu wala ratiba. Juu ya miezi hiyo ndipo tunapotaka kuzungumza leo, kwani tunaamini kuwa vijana wengi hawaharibikiwi na mtihani, bali huharibikiwa na kipindi kinachofuata.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuusia tuyatumie mambo matano kabla hayajatutoka, na miongoni mwayo ni ujana kabla ya uzee na nafasi kabla ya kushughulishwa. Mhitimu wa shule amejaaliwa yote mawili kwa wakati mmoja. Ni neema ambayo hataipata tena maishani, na kila neema ina maswali yake.

Tuanze na nyinyi vijana wetu. Pumzikeni wiki moja au mbili, hiyo ni haki ya miili yenu. Kisha tafuteni jambo la kufanya, hata kama ni dogo. Tunamkumbuka Sahaba Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina akiwa ameacha mali yake Makka. Ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii (R.A.), alimtolea nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka, kisha akaomba jambo moja tu, aonyeshwe soko lilipo. Akaanza na jibini na samli, na baadaye akawa miongoni mwa matajiri wa Madina. Hapakuwa na dhambi kuipokea zawadi ile. Lakini alijua kwamba mtu huijenga heshima yake kwa mkono wake.

Leo wako vijana wanaoona haya kushika randa, cherehani au spana kwa kuwa wamesoma hadi kidato cha nne. Hii ni haya isiyo mahali pake. Nabii Zakaria (A.S.) alikuwa seremala, Nabii Daud (A.S.) alikula kwa kazi ya mikono yake, na Mtume wetu mwenyewe alichunga mbuzi. Wahenga nao walisema, kazi mbaya si mchezo mwema.

Wala mtu asidhani kuwa miezi miwili ni michache. Zaid bin Thabit (R.A.), akiwa bado kijana mdogo, aliamrishwa na Mtume (S.A.W.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayamudu kwa muda usiozidi nusu mwezi. Katika miezi miwili kijana mwenye nia anaweza kujua kutumia kompyuta, kushona nguo ya kwanza, kutunza daftari la hesabu za duka, au kurudi madrasa akasahihisha usomaji wake wa Qur'ani uliolegea kwa sababu ya masomo ya shule.

Kwa upande wa pili, tunawaonya kuhusu kamari. Siku hizi haihitaji tena kuingia mahali pa siri. Imo ndani ya simu, imevishwa jezi ya mpira na kuitwa kubashiri. Kijana huanza kwa shilingi mia tano aliyopewa ya vocha, na akishinda mara moja hudhani amepata kazi. Kuibadili jina hakuibadili hukumu, na anayezoea kutarajia pesa pasipo jasho huiona kila kazi ya halali kuwa adhabu.

Sasa tujigeukie sisi wazazi, kwani lawama yetu ni kubwa zaidi. Matokeo yanapotangazwa, tumeshuhudia majumba ambamo kijana aliyepata daraja la chini huambiwa mbele ya wageni kuwa amekula ada bure. Neno hilo mzazi hulisahau jioni ile ile, lakini mtoto hulala nalo miaka. Tukumbuke matokeo ya mtihani wa 2012 yaliyotangazwa Februari 2013. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipewa daraja sifuri, nchi nzima ikashtuka, Serikali ikaunda tume, na baadaye mwaka ule ule viwango vikapangwa upya. Maelfu waliokwisha kuitwa wamefeli walijikuta wamefaulu, ilhali hawakubadilisha hata herufi moja ya majibu yao. Je, yale matusi waliyokwisha kutukanwa, nani aliyafuta?

Hatusemi kuwa kufeli si kitu. Mvivu aambiwe uvivu wake, lakini aambiwe faraghani, na baada ya kuambiwa aonyeshwe njia. Njia zipo. Anaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kujiunga na vyuo vya ufundi stadi, vikiwemo vya VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994.

Na mabinti tusiwasahau. Mara nyingi kaka hutafutiwa chuo, na dada hukabidhiwa jiko na watoto wa ndugu, kana kwamba cheti chake kilikuwa pambo. Kutafuta elimu ni wajibu wa Mwislamu, na wajibu huo haukuwekewa jinsia. Tunapougua tunapenda wake zetu watibiwe na daktari mwanamke. Atatoka wapi ikiwa kila binti wetu tunamsimamisha mlangoni?

Tunamalizia kwa pendekezo lisilohitaji mfadhili. Katika kila msikiti wa Ijumaa wamo mafundi, washoni, wafanyabiashara, wahasibu na walimu. Imamu akitangaza, kila mmoja achukue kijana mmoja kwa miezi hiyo miwili, na akina mama wenye ujuzi wawachukue mabinti. Wawafundishe kazi na wasimame nao katika sala. Lakini wasigeuzwe vibarua wa bure. Apewe nauli na chakula cha mchana, na akizalisha alipwe, kwani dini yetu imetuhimiza kumlipa mtenda kazi kabla jasho lake halijakauka.

Ndugu zetu, kijana aliyekaa kibarazani mchana kutwa huwa hakai peke yake. Yupo anayemwita na kumpa la kufanya, na si kila anayemwita anamtakia heri. Basi na tuwe wa kwanza kumwita.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awaongoze vijana wetu, wake kwa waume, na atupe sisi wazazi hekima ya kusema nao. Amin.