Buluu Gani, na Jiwe ni Jeusi?

Mu Kolwezi siku hizi, kila mgeni anayeshika mikro anatuambia tunaishi juu ya buluu: buluu ya kobalti, buluu ya nishati safi, buluu ya bendera yetu ya 2006 ambayo maana yake ni amani. Watu wanapiga makofi. Sisi walimu hatupigi.

Tuanze na jiwe lenyewe. Siku moja tulifundisha mu darasa kwamba kobalti ni ya buluu, vile kitabu kinasema. Kijana mmoja wa nyuma akatoa jiwe mfukoni, jeusi kama makala, akauliza: "Mwalimu, na hii?" Alikuwa na haki. Heterojeniti, njo jiwe watu wanachimba hapa, ni nyeusi. Metali ikisafishwa ni ya kijivu. Unga unaoingia mu betri ya simu, nao ni mweusi. Buluu inatokea kobalti ikiyeyushwa ndani ya kioo, ama ikichomwa pamoja na alumina, vile Mfaransa Thénard alifanya mwaka 1802. Na karatasi ya kloridi ya kobalti ya maabara (kwa shule yenye maabara!) ni buluu ikikauka, ikilowa inageuka waridi.

Halafu kuko wale waliosoma wanaosema bazee betu walikuwa na ushirikina tu, eti waliomba mizimu mbele ya kuchimba. Tunawauliza: jina kobalti limetoka wapi? Limetoka kwa Kobold, pepo wa chini ya ardhi wa wachimbaji wa Ujerumani. Walichoma jiwe wakitafuta fedha, fedha haikutoka, moshi ukawatia ugonjwa, wakasema ni pepo. Moshi ule ulikuwa na arseniki. Miaka ya 1730 Georg Brandt wa Uswidi alionyesha kwamba buluu ya vioo inatoka kwa metali isiyojulikana bado, na jina la pepo likabaki. Hakuna anayemcheka Brandt.

Basanga, hao "walaji wa shaba" ambao Askofu de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926, walikuwa na utaratibu. Walingoja mavuno yaishe. Mfalme alifungua kazi, mizimu ikaombwa, mafundi wa mukuba wakapanda mlimani wakati wa kiangazi, mvua haiko ya kubomoa mashimo. Mvua ikirudi, watu walirudi mashambani. Hata majani yaliwasaidia: kuko kaua ka urujuani, karibu na buluu, kanaota pale udongo una shaba nyingi. Ile njo buluu ya kwetu, kama mnaitaka.

Sasa tazameni Kasulo. Mwaka 2014 mtu alichimba mu lupango yake, akakuta heterojeniti. Hakuna aliyengoja kiangazi wala mfalme. Watu walichimba jikoni, chini ya kitanda, mashimo yakapita chini ya nyumba ya jirani, bakrezeri wakafukiwa. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikahamishwa na kuzungushiwa ukuta. Hatusemi bazee walijua kemia. Tunasema walijua kwamba jiwe linahitaji mtu wa kusema "leo hapana", na sisi tuliosoma tulimcheka mtu huyo, hatukuweka mwingine mahali pake.

Mtatujibu: lakini gari za umeme zinasafisha hewa ya dunia! Ndiyo, mu miji yao. Hapa mama anaosha jiwe na mtoto mgongoni, maji ya mto yanabeba matope. Tena betri nyingi za China leo hazina kobalti hata kidogo. Wakituacha, mashimo yatabaki kwetu.

Yule kijana hakumaliza mwaka. Alifuata wenzake kwenye mashimo, na jiwe lake liko bado mu kabati yetu.

Basi tunaomba kamati ya sherehe ifute maneno "buluu yetu" kwenye bango la mwaka huu. Kama ni lazima yaandikwe, wayaandike wanaoinunua.