Tukitembea na Jamaa, Tupige Kambi Mji Mdogo

Wahenga walinena, usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii tunaikariri darasani kila muhula, lakini Desemba ikifika tunaisahau. Jamaa zetu wanakuja kutoka Nairobi, Mombasa, Eldoret na hata ng'ambo. Zamani walikuja kula Krismasi tu na kurudi makazini. Siku hizi wanataka kutembea. Wanataka watoto wao wauone msitu wa Kakamega, Ziwa Viktoria, makao ya Nabongo na lile jiwe linalolia la Ilesi. Basi katika kila mkutano wa jamaa huzuka swali moja: watu wote hawa walale wapi?

Huenda msomaji wa mbali akauliza, kwani hapa Khwisero hamna nyumba? Nyumba zipo. Lakini jamaa yetu sisi tukikusanyika tunafika watu 23, na nyumba ya Kukhu ina vyumba vitatu. Tena kuna mila. Kwetu mkwe halali chini ya paa moja na mama mkwe wake. Senje zangu wanne wameolewa, na wakija na waume zao hakuna ubishi, lazima watafutiwe mahali pengine. Mwacha mila ni mtumwa, na hata wale waliosoma sana miongoni mwetu hawathubutu kulala humo. Kwa hivyo lazima ipatikane kambi, yaani mahali pa kulala na kuamkia safari za kila siku.

Katika jamaa yetu kuna pande mbili. Baba mdogo anayeishi Nairobi anataka Kisumu. Anasema kuna hoteli za kila aina, kuna maduka makubwa na kuna uwanja wa ndege. Senje mkubwa naye anataka mji wa Kakamega kwa kuwa uko karibu na msitu. Mimi ni mtoto wa kidato cha tatu, na mtoto hapaazi sauti mbele ya wakubwa. Ndiyo maana naandika. Maoni yangu ni kwamba kambi yetu iwe Butere, na kwamba jamaa yoyote inayosafiri na wazee na watoto ichague mji mdogo ulio karibu na nyumbani.

Kwanza tutazame historia, maana jambo hili si geni katika nchi yetu ya Magharibi. Karne ya 19, misafara ya Waswahili na Waarabu ilitoka pwani ikielekea Uganda. Njiani ilipiga kambi kwa wafalme wa Wanga, mahali tunapopaita Mumias leo. Joseph Thomson alipita hapo mwaka wa 1883. Askofu Hannington naye alipita mwaka wa 1885 kabla ya kuuawa huko Busoga. Waingereza wakaja wakafanya hapo kituo cha utawala, hadi mwaka wa 1920 walipohamishia ofisi zao Kakamega. Sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tukumbuke kwamba misafara hiyo ndiyo iliyoleta Kiswahili huku kwetu kabla ya shule yoyote kujengwa.

Hebu tujiulize, kwa nini wasafiri wale walipenda kutua Mumias? Hapakuwa na jiji wala majumba ya ghorofa. Walipenda kwa sababu tatu. Chakula kilipatikana, maana watu wa Wanga walilima na kuuza. Usalama ulikuwepo, maana Nabongo Mumia aliwalinda wageni wake. Na njia zilikuwepo za kuendelea na safari. Chakula, usalama na njia. Mimi naona mizani hiyo haijazeeka. Ningeongeza jambo la nne tu kwa jamaa kama yetu: je, aliye dhaifu kuliko wote ataweza?

Kwetu sisi aliye dhaifu ni Kukhu. Ana miaka 84 na magoti yake yanauma. Mwaka wa 2022 jamaa walilala Kisumu. Kutoka huku hadi Kisumu ni kilomita 50 hivi, kwa hivyo kwenda na kurudi ni kama 100. Asubuhi waliamka, wakanywa chai, wakangojana, na walipofika huku jua lilikuwa utosini. Saa kumi jioni wakaanza kutazama saa ati wasichelewe barabarani. Kukhu alipelekwa mara moja tu, akarudi amechoka hata hakutaka kula. Siku nne za jamaa kuwa pamoja zikawa kama siku moja na nusu. Hoteli haikuwa na kosa lolote, na dereva pia hakukosea. Kosa lilikuwa umbali.

Sasa tuipime Butere kwa mizani ile. Chakula: soko lipo, mboga za mrenda na mchicha zinatoka mashambani asubuhi hiyo hiyo, na kuku wa kienyeji hatafutwi mbali. Usalama: mji ni mdogo, watu wanajuana, na mtoto akipotea sokoni atarudishwa kabla mamaye hajajua. Hospitali ya umma ipo, jambo ambalo mtu mwenye mzee hawezi kulipuuza. Ni mji wenye historia pia. Misheni ya CMS ilianza hapo mwaka wa 1912, na reli kutoka Kisumu iliishia hapo mwanzoni mwa miaka ya 1930. Njia: ukiwa Butere unaweza kwenda Mumias upande wa kaskazini, Kakamega upande wa mashariki, na Yala, Luanda, Maseno hadi Kisumu upande wa kusini. Na Khwisero nyumbani ni mwendo mfupi tu wa matatu.

Angalia jinsi siku zinavyojipanga zenyewe. Siku ya kwanza jamaa waende Mumias, ambako ni kama kilomita 15 tu, kisha Matungu kwenye kituo cha utamaduni cha Nabongo. Watoto wa Nairobi wajue kwamba Kenya ilikuwa na ufalme wake, na kwamba Nabongo Mumia alifariki mwaka wa 1949. Siku ya pili wafuate barabara ya Sigalagala, wasimame Ilesi walione jiwe linalotiririsha maji kama machozi, halafu waingie msituni kupitia Shinyalu. Msitu huo ndio kipande kilichobaki Kenya cha msitu mkubwa wa mvua uliofika zamani hadi Kongo, na una aina zaidi ya 300 za ndege. Siku ya tatu wateremke Maseno wapige picha kwenye mstari wa ikweta, kisha wafike Kisumu waone ziwa na jumba la makumbusho, na jioni warudi. Siku ya nne wasiende popote. Wakae nyumbani Khwisero, wale, wasikilize wazee, na wajuane.

Jambo jingine zuri ni kwamba asiyetaka kwenda halazimiki. Yule aliyechoka akibaki Butere hakai bure kama mfungwa chumbani. Anaweza kwenda sokoni, kanisani au msikitini. Anaweza kupanda matatu akaja kwa Kukhu kumenya maharagwe. Senje wangu mmoja ni muuguzi kule Glasgow, Uskoti. Alituambia kwamba hata huko jamaa nyingi zinazokwenda kuona milima pamoja na babu na wajukuu hukodi nyumba katika mji mdogo kama Pitlochry, ulio kwenye njia ya reli na barabara kuu kati ya Perth na Inverness. Asubuhi wenye nguvu wanapanda milima. Wazee wanabaki mjini, wanatembea polepole hadi kwenye bwawa la umeme kutazama samaki wa salmoni wakipanda ngazi ya maji waliyojengewa. Jioni wote wanakula meza moja. Kama watu wa nchi tajiri wanaona mji mdogo unawafaa, sisi tunaona aibu gani?

Kuna wale watakaonipinga. Watasema hoteli za mji mdogo ni chache, maji hukatika na umeme nao huzimika. Ni kweli, siwezi kuficha. Lakini dawa yake ni kukagua mapema. Mtu mmoja wa nyumbani atumwe mwezi wa Oktoba akaone vyumba kwa macho yake. Aulize kama kuna tangi la maji, choo kiko umbali gani, kama kuna chumba cha chini ili mzee asipande ngazi, magari yataegeshwa wapi usiku, na kama wenyeji wataruhusu jamaa kupika. Asitume pesa zote kwa simu kabla ya kuona. Na kama nyumba moja haitoshi watu wote, wagawanywe katika mbili zilizo jirani.

Wengine watasema, msitu unataka alfajiri. Hapo wana haki. Ndege huimba zaidi jua likichomoza, na ukitoka Butere na gari mbili zilizojaa watoto hutafika kwa wakati huo. Basi vijana wenye hamu ya ndege na walale usiku mmoja upande wa Shinyalu, karibu na msitu, kisha waungane na wenzao. Si lazima Kukhu naye apelekwe huko gizani kwa sababu ya ndege wa watu wengine!

Wengine tena wataniuliza, mbona usiseme Mumias, uliyoisifu kwa historia? Mumias ni pazuri, lakini ni mbali zaidi na nyumbani. Na mbona nisiseme hapa hapa Khwisero au Khumusalaba? Hilo ndilo linaloniuma. Ningependa sana kusema hivyo. Lakini kwa jamaa ya watu 23, vyumba vya wageni huku kwetu bado havitoshi. Nawaomba wazazi wetu wenye plot sokoni walifikirie jambo hili. Wageni wanakuja kila Desemba na kila kukiwa na mazishi au harusi. Vyumba sita safi, maji na vyoo vizuri vingeleta pesa ambazo sasa zinapita hapa kwa gari zikielekea mjini. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni hana pa kulala? Mgeni akilala karibu, mama muuza mboga anapata, wa boda boda anapata, na mwenye kuku pia anapata.

Nimalize kwa lile lililo zito zaidi. Jamaa wetu hawatoki mbali hivyo kwa ajili ya ziwa peke yake. Mombasa wana bahari. Nairobi wana mbuga ya wanyama. Wanakuja kwa sababu Kukhu yupo, na hatutakuwa naye milele. Binamu zangu wawili waliozaliwa Nairobi hawajui neno hata moja la Olushisa, na Kukhu hajui Kiingereza. Mwaka wa 2022 walisalimiana kwa Kiswahili, wakatabasamu, gari likapigwa honi, wakaondoka. Hadithi ya jinsi babu yetu alivyonunua shamba hilo wanalolikanyaga hawajaisikia mpaka leo. Hadithi kama hiyo haisimuliwi kwa dakika 20 huku dereva ameshika ufunguo. Inasimuliwa jioni, baada ya ugali, watu wakiwa hawana haraka ya kuondoka.

Kwa hivyo, ndugu zangu wanafunzi, mkutano wa jamaa ukiitwa mwaka huu, msinyamaze kabisa. Ombeni ruhusa kwa heshima. Chukueni karatasi, mwandike majina ya watu wote watakaosafiri, na jina la kwanza liwe la yule asiyeweza kutembea vizuri. Kisha pimeni kila mji kwa jina hilo. Nyumbani kwetu nimekwisha kuandika karatasi yangu, na jina la kwanza ni la Kukhu. Baba mdogo akitoka Nairobi ataikuta mezani.