Kinga na Kinga: Mwanaistilahi na Somo la Imunolojia

Mwanafunzi wa udaktari au uuguzi anapoanza masomo ya imunolojia, yaani taaluma ya kinga ya mwili, jambo la kwanza analofunzwa ni kutofautisha. Hutofautisha kinga ya kuzaliwa nayo, ambayo humkabili kila mvamizi bila kuchagua, na kinga inayopatikana baadaye, ambayo humtambua adui mahususi na kumkumbuka. Hutofautisha antijeni, ile sehemu ya kijidudu inayotambuliwa na mwili, na antibodi, protini ambazo mwili huziunda ili ziinase antijeni hiyo. Hutofautisha pia seli B, zilizo chimbuko la antibodi, na seli T, ambazo baadhi yake huangamiza seli zilizokwisha kuambukizwa na nyingine huelekeza vita vyote.

Kiswahili nacho kina neno moja linalobebeshwa mizigo mingi: kinga. Kinga ni uwezo wa mwili kuhimili maradhi; kinga ni hatua ya kuepuka maradhi, ndiposa ikasemwa kuwa kinga ni bora kuliko tiba; kinga ni mpira wa kondomu katika mawaidha kuhusu UKIMWI. Hata neno kingamwili lina utata. Baadhi ya waandishi hulitumia kwa maana ya antibodi, ilhali wengine hulitumia kwa maana ya mfumo mzima.

Yamkini pana atakayedai kuwa suala hili ni la makamusi tu. La hasha! Vipimo vingi vya haraka vya VVU havitafuti virusi vyenyewe; hutafuta antibodi. Mtu akiambiwa kwamba damu yake imepatikana na kingamwili dhidi ya VVU, ana kila sababu ya kudhani kuwa amekingwa, kumbe ameambukizwa. Hali ya mama mzazi ni nyeti zaidi. Antibodi zake hupitia kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto, na zaweza kudumu humo hadi miezi 18. Kwa hivyo, kuonekana kwa antibodi hizo katika mtoto mchanga si ithibati ya maambukizi. Sharti kitumike kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Muuguzi hufunzwa haya kwa Kiingereza, kisha hutarajiwa kumweleza mama kwa Kiswahili. Hapo ndipo somo la chuoni hufaulu au huanguka.

Si kwamba Kiswahili hakina uwezo. Neno chanjo latokana na kitenzi chanja, yaani kupasua au kutoja, na liliafiki kazi yenyewe: mwaka wa 1796 Edward Jenner alichanja mkono wa mtoto na kuupachika usaha wa ndui ya ng'ombe. Siku hizi kuna chanjo ya polio ya matone ya mdomoni, pasipo mtu kuchanjwa, wala hakuna anayetatizika. Neno limepanuka kwa kutumiwa.

Aghalabu dawa inayopendekezwa ni kuunda orodha ya istilahi. Hata hivyo, orodha iliyoundwa na asiyejua tofauti kati ya antibodi na mfumo wa kinga itaendeleza mkanganyiko ule ule. Idara za Kiswahili hazina budi kuwapeleka wanafunzi wa istilahi katika mihadhara ya msingi ya imunolojia. Wanafunzi wa tiba nao watahiniwe katika kuyaeleza matokeo ya vipimo kwa Kiswahili.

Wapo watakaoikataa antibodi kwa kuwa ni neno la kutohoa, lisilojieleza. Hoja hiyo ina uzito, lakini neno lisilojieleza humfanya mgonjwa aulize. Neno linalojieleza kwa uongo humfanya aridhike na kwenda zake. Kati ya mawili hayo, la pili ndilo hatari.

Wahenga walinena kuwa kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga inayotajwa humo ni kijinga cha moto, maana nyingine tena ya neno lile lile. Mwanaistilahi peke yake atafuka moshi, na mwanasayansi peke yake vivyo hivyo. Wakiwekwa pamoja, mama aliyempakata mwanawe kliniki atapata mwanga.